Wanawake Wapiganaji wa Kwenye Gemu: Nani Anawavisha?

Mnazi ni kata iliyo katika tambarare, chini ya milima ya Usambara, wilayani Lushoto, si mbali na mpaka wa Kenya. Apitaye huko huona mashamba ya mkonge yaliyopandwa kwa mistari, na nyuma yake milima imesimama kama ukuta. Mtu angedhani kwamba mambo yanayobuniwa Osaka, Japani, yangechelewa kufika mahali kama hapo. Siku hizi hayachelewi. Simu ya mkononi huyafikisha hadi chumbani, na katika senta nyingi za nchi yetu zenye umeme kuna kibanda cha gemu ambako mtoto hulipa kidogo akacheza kwa dakika.

Mzazi anapowaona watoto wamekizunguka kioo, wawili wakibonyeza vitufe na wengine wakishangilia, kwa kawaida huuliza mambo matatu. Huuliza pesa zimetoka wapi, muda wa masomo na swala umekwenda wapi, na mbona mchezo wenyewe ni wa ngumi na damu. Ni maswali ya haki. Lakini liko swali la nne ambalo ni nadra kulisikia: yule mwanamke anayepigana ndani ya kioo ni nani, amevaa nini, na ni nani aliyeamua avae hivyo?

Swali hili si dogo. Mtoto anayecheza gemu hamtazami mhusika kama anavyotazama picha ya kalenda ukutani. Anamchagua, anamwongoza, anashinda na kushindwa pamoja naye, tena mara mia. Sura inayorudiwa namna hiyo huacha alama moyoni, na samaki hukunjwa angali mbichi.

Tuanze na historia. Mwaka 1991 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa Street Fighter II, ambao ndio ulioeneza gemu za kupigana duniani kote. Mchezaji aliweza kuchagua mmoja kati ya wapiganaji 8. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Chun-Li, ofisa wa polisi ya kimataifa anayemsaka muuaji wa baba yake. Mwaka uliofuata ikaja Mortal Kombat kutoka Marekani. Humo wapiganaji wa kuchaguliwa walikuwa 7, na mwanamke, Sonya Blade, alikuwa mmoja vilevile.

Mmoja wa wakuu wa utengenezaji wa Street Fighter II, Yoshiki Okamoto, alieleza baadaye kwamba alitaka Chun-Li apewe kiasi kidogo cha nguvu kuliko wanaume, kwa kuwa yeye ni mwanamke. Mwenzake aliyekuwa akibuni mchezo huo alikataa, na Chun-Li akabaki sawa na wengine. Kisa hiki kinatufundisha jambo moja la msingi. Hakuna kitu katika gemu kinachojitokea chenyewe. Nguvu ya mhusika, mwendo wake, urefu wa nguo yake na hata pembe anayotazamwa, yote hayo yaliamuliwa na watu waliokaa mezani, na wenzao waliweza kuyakataa.

Kwa bahati mbaya, maamuzi mengi yaliyofuata hayakuwa ya heshima. Soko lilipokua, makampuni yaligundua kwamba wanunuzi wengi ni vijana wa kiume, yakaanza kumvua mwanamke nguo ili kuuza. Mwaka 1996 kampuni ya Tecmo ilitoa Dead or Alive, mfululizo uliopata umaarufu kwa namna ulivyoonyesha miili ya wanawake kuliko kwa ufundi wa mapigano yake. Mwanamume katika gemu hizi huvaa kama mtu anayekwenda vitani. Mwanamke aliye mbele yake, anayepokea mapigo yaleyale, huvaa kama mtu anayekwenda kuogelea. Hata mtoto akiulizwa kwa utulivu ataona kwamba vazi hilo halimfai mpiganaji. Limewekwa kwa ajili ya macho ya anayetazama.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko ng'ambo tu ya mpaka. Mwaka 1997 Capcom ilitoa Street Fighter III, na ndani yake akaingizwa msichana aitwaye Elena, ambaye mchezo unasema anatoka Kenya na ni binti wa mtawala wa kabila. Tabia yake ni njema: mchangamfu, mpenda watu, na hupigana ili apate marafiki. Lakini amechorwa akiwa na nywele nyeupe, miguu mitupu, na mwilini vipande viwili vidogo vya nguo. Mtindo wake wa kupigana ni kapoeira, mchezo uliokuzwa Brazil na Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wala si desturi ya watu wa Kenya. Elena alirejeshwa tena mwaka 2025 katika Street Fighter 6, kwa hiyo si habari ya zamani iliyokwisha.

Sasa mama wa Mnazi mwenye ndugu Mombasa au Taveta ajiulize: ni mwanamke yupi wa Kenya anayemfahamu aliye hivyo? Wanawake wa pwani ile ni watu wa kanga na buibui. Wa bara nao wana mavazi yao ya heshima, ya jadi na ya kisasa. Elena ni picha ya Mwafrika iliyotoka katika fikra za mtu wa mbali, aliyedhani kwamba Afrika ni uchi, pori na ngoma. Binti yetu anapotafuta kwenye orodha ya wapiganaji mtu anayefanana naye, huyo ndiye anayempata. Hasara yake ni mbili kwa pamoja: stara imeondolewa, na asili yake imesimuliwa vibaya.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni michezo tu, na kwamba kijana hujua tofauti ya gemu na maisha. Ni kweli kwamba kijana hataondoka kibandani akadhani Elena ni mtu halisi. Hata hivyo, mazoea hayahitaji imani ili yafanye kazi. Kijana wa kiume aliyezoea kumpima kila mwanamke kwa mwili wake huibeba tabia hiyo hadi darasani, sokoni na katika ndoa. Binti aliyezoea kuona kwamba mwanamke hodari ni yule anayejionyesha huanza kudhani stara ni dalili ya unyonge.

Hapa mafundisho ya dini yetu yana mpangilio wa hekima. Katika Surat an-Nur, aya ya 30 inawaamrisha kwanza waumini wanaume wainamishe macho yao na wahifadhi tupu zao. Aya ya 31 ndiyo inayofuata na kuwaelekea waumini wanawake kwa amri hiyohiyo, pamoja na suala la vazi. Basi baba anayemzuia bintiye kutazama gemu, huku akimwacha mwanawe wa kiume atazame usiku kucha kwa kuwa yeye ni mvulana, ameanza kusoma kutoka aya ya pili.

Wala Uislamu haumkatai mwanamke shujaa. Nusayba bint Ka'b, maarufu kwa jina la Ummu Umara, alitoka siku ya Uhud kuwapa maji wapiganaji. Vita vilipogeuka akashika upanga, akasimama kumkinga Mtume, rehema na amani zimshukie, akapata majeraha. Vizazi vinamkumbuka kwa alichokifanya, na hakuna anayehitaji kuelezwa umbo lake ili aheshimu ushujaa wake. Watoto wengi wanaowajua wapiganaji wa Tekken kwa majina hawajawahi kusikia jina lake. Upungufu huo ni wetu sisi wazazi na walimu wa madrasa.

Zipo pia dalili kwamba wanaochora wanaweza kubadilika. Kabla ya kutoa Street Fighter V mwaka 2016, Capcom ilirekebisha namna baadhi ya wahusika wa kike walivyokuwa wakionyeshwa. Mortal Kombat 11 ya mwaka 2019 iliwavisha wanawake wake mavazi yenye stara zaidi kuliko matoleo kadhaa yaliyotangulia, ingawa ukatili wake ulibaki palepale.

Mfano ulio bora zaidi ulitoka Saudi Arabia. Mwaka 2018 mchezo wa The King of Fighters XIV wa kampuni ya SNK ya Japani uliongezewa mpiganaji aitwaye Najd, mwanamke wa Riyadh mwenye vazi lililotokana na abaya. Hakubuniwa na Mjapani. Alibuniwa na binti wa Kisaudia, Mashael Al-Barrak, aliyeshinda shindano la kubuni mhusika. Wapo watakaosema kwamba hata Najd hajatimiza masharti yote ya stara, na mjadala huo ni halali. Lakini kalamu iliposhikwa na binti anayeijua abaya, mpiganaji aliyepatikana hakuwa na haja ya kuvuliwa ili aonekane ana nguvu.

Tufanye nini basi nyumbani? La kwanza ni kukaa na watoto na kutazama. Amri ya kukataza isiyo na maelezo humhamishia mtoto kibandani au kwa jirani. Mwambie mwanao akuonyeshe mpiganaji anayempenda, kisha muulize: kwa nini huyu amevaa hivi na yule vile? Nani amemchora? Je, ungependa dada yako achorwe namna hii? Maswali matatu ya upole yanaweza kufanya kazi ambayo viboko kumi haviwezi.

La pili ni kujua alama za umri. Tangu mwaka 1994 gemu zinazouzwa Marekani huwekewa alama hizo, na Ulaya nako wana zao. Mortal Kombat 11, kwa mfano, huko Marekani ni ya miaka 17 na kuendelea, na Ulaya ni ya miaka 18. Mtoto anayelipia dakika kibandani haoni kasha wala alama. Kwa hiyo wazazi wa mtaa wana haki ya kumwendea mwenye kibanda kwa adabu, wakubaliane naye ni gemu zipi zisiwekwe mbele ya watoto.

La tatu ni kuwapa mabinti wetu kalamu. Binti wa Mnazi anayechora maua pembezoni mwa daftari la hesabu asikaripiwe tu. Anunuliwe daftari la kuchorea, na siku moja shule ikipata kompyuta, awe wa kwanza kukaribishwa mbele yake.