Fisi Alivyojichongea

Paukwa! Pakawa! Sogeeni, watoto wangu, leo hadithi imebeba neno.

Hapo kale Mzee Kobe alikuwa na mbuzi. Asubuhi moja akakuta kamba imelala chini, mbuzi hayupo. Akawaita wanyama chini ya mbuyu.

"Jamani, mbuzi wangu hayupo. Nani amemwona?"

Kimya. Mara Fisi, hata hajatajwa, akaruka katikati: "Msinitazame mimi! Huyo mbuzi mwenye pembe iliyovunjika sijamgusa!"

Kobe akamgeukia polepole. "Bwana Fisi, jana jioni nilimfunga akiwa na pembe zote mbili, nzima. Wewe ya kuvunjika umeionea wapi?"

Fisi akabaki kinywa wazi. Alikuwa amejichongea.

Sasa tulifungue neno lenyewe. Seremala huchonga mpini wa jembe. Wewe huchonga penseli kwa kichongeo. Chonga ikizaa chongea, huwa ni kuchonga kitu kwa ajili ya mtu. Lakini chongea ina maana nyingine, kali zaidi: kumsema mtu kwa mkubwa wake ili aadhibiwe. "Dada amenichongea kwa mama!" Mwenye mchezo huo huitwa mchongezi. Tia ji, ile ya kujiosha na kujificha, upate kujichongea: mtu kuwa mchongezi wa nafsi yake.

Neno hili lina ndugu zake. Kujiponza ni kujitia matatani kwa njia yoyote, hata bila kufungua mdomo, kama anayecheza usiku kucha ilhali kesho ana mtihani. Na kujipalia makaa? Wapishi wa pwani hupalia wali makaa juu ya kifuniko ili uive vizuri. Sasa mfikirie anayeyaweka makaa hayo juu ya kichwa chake mwenyewe! Kujichongea, aghalabu, ni kazi ya ulimi. Ndiyo maana wahenga wakasema mdomo uliponza kichwa.

Utawasikia wenzako wakisema: "Umevunja kikombe? Usimwambie mama, utajichongea." Usiwasikilize. Fisi hakuponzwa na ukweli. Aliponzwa na uongo aliokimbilia kuusema. Anayekiri kosa lake hajichongei, anajitua mzigo. Kwa hiyo kikombe kikivunjika, nenda kwa mama, useme: "Ni mimi." Kisha chukua ufagio.