Lori la Jeshi Mikononi mwa Raia

Lori liitwalo M35, ambalo kiwanda cha REO katika mji wa Lansing, jimbo la Michigan, kilianza kuliunda mwaka 1950 kwa ajili ya jeshi la Marekani, lilikadiriwa kubeba tani mbili na nusu penye njia mbovu, na kiasi cha maradufu yake juu ya lami. Malori haya yalidumu jeshini miongo mingi, na kila yalipozidi haja yalipigwa mnada, mnunuzi akipewa hati ya serikali, SF 97, ambayo kwayo huomba kulisajili gari lake. Hapo ndipo huanza kazi ambayo sura hii inakusudia kuieleza, nayo ina sehemu mbili zisizofaa kuchanganywa: kulirejesha lori katika hali aliyoikusudia muundaji wake, na kuligeuza liwe vile apendavyo mwenyewe.

Sehemu ya kwanza ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa lori hili lilibuniwa likarabatiwe na askari kijana, mbali na karakana. Nati zake zafikika kwa spana za kawaida, na kila kazi imepangiwa mtu wake katika vitabu vya jeshi vya TM 9-2320-361, kimoja cha dereva, kingine cha fundi wa kikosi. Mwenye kununua lori asiponunua vitabu hivyo amenunua nusu ya mali.

Breki ndizo za kutangulizwa. Dereva akikanyaga pedeli, mafuta ya breki husukumwa kutoka kwenye mastasilinda, na upepo uliogandamizwa na kompresa ya injini huuzidishia nguvu msukumo huo kabla haujafika magurudumuni. Upepo, basi, si breki yenyewe bali ni msaidizi wake. Na kwa kuwa katika malori mengi ya toleo la baadaye, M35A2, njia ya mafuta ni moja tu, bomba moja likipasuka magurudumu yote hukosa breki kwa pamoja, na dereva hubakiwa na hendibreki, ambayo haishiki magurudumu, bali hukaza ngoma iliyoko kwenye shafti iendayo ekseli za nyuma. Fauka ya hayo, mafuta ya breki ya kawaida hufyonza unyevu wa hewa, na lori lililolala uwanjani miaka kadhaa aghalabu huwa na kutu ndani ya silinda ilhali kwa nje lang'aa. Fundi mwenye busara huzifungua silinda za magurudumu yote sita, hubadili mipira na mabomba, kisha hutia mastasilinda yenye njia mbili, ili moja ikiharibika nyingine isaidie. Geuzo hilo ni la lazima kuliko lolote.

Umeme wake ni wa volti 24, utokao katika betri mbili za volti 12 zilizoungwa moja baada ya nyingine. Yupo atakaye redio, akaunga waya kwenye betri moja tu. Hiyo huchoka, mwenziwe hujazwa kupita kiasi, na mwishowe zote mbili hufa. Njia iliyo sawa ni kutumia kifaa cha kupunguza volti, kilichoungwa kwenye betri zote mbili kwa pamoja.

Injini ya M35A2 ina silinda sita na ujazo wa lita 7.8, nayo hufuata ufundi wa kampuni ya MAN ya Ujerumani, ambao kwao mafuta hutandazwa katika bakuli la pistoni, yakageuka mvuke, ndipo yakaungua. Kwa sababu hiyo, na kwa mgandamizo wake wa 22 kwa 1, inakubali dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege na hata petroli, maadamu vitani mtu hutumia alichokipata. Raia wengine wameifanya ruhusa hiyo kuwa kisingizio cha kutia oili chakavu isiyochujwa, na malipo yake ni filta zilizoziba na pampu iliyolika.

Ama mageuzi, lililo mashuhuri ni kuondoa ekseli moja ya nyuma na kuifupisha bodi, ili lori la ekseli tatu liwe la mbili na lipate wepesi wa kugeuka. Atendaye hivyo sharti ahamishe springi, akate shafti na kuisawazisha upya, na akubali kwamba uwezo wa kubeba umepungua pamoja na ekseli iliyotoka. Kadhalika tairi kubwa: humwongezea dereva kasi, lakini humpunguzia nguvu ya mlimani, na katika malori ambayo ekseli ya mbele hujiunga yenyewe tairi za nyuma zinapoteleza, tairi za mbele na za nyuma zisipolingana ukubwa, gia huweza kujifunga pasipo haja na kuvunjika. Kuhusu rimu za pete, tahadhari ni moja: tairi ijazwe upepo ikiwa ndani ya kizimba cha chuma, kwani pete iliyokaa vibaya huruka kwa nguvu ya kuua mtu.

Trela nalo lina hila yake. M105A2, la tani moja na nusu, hupata breki kwa upepo wa lori linalolivuta; likifungwa nyuma ya pikapu isiyo na kompresa, huwa ni mzigo usio na breki, tena taa zake zataka volti 24. Anayebadili globu na pete ya kuvutia peke yake amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo ya hatari.

Hukumu yetu ni hii: kila geuzo huondoa kitu ambacho mhandisi alikipimia kingine. Basi, ewe msomaji, rekebisha kwanza, endesha hata ulijue lori lako, na ndipo ushike msumeno.