Hodi za Halloween: taa ya nje ikiwaka maana yake nini?

Kama una ndugu Marekani, huenda umeshatumiwa picha ya namna hii: mtoto wa mjomba wako amepakwa rangi nyeupe usoni, amechorwa damu pembeni mwa mdomo, mkononi ana ndoo ya plastiki ya rangi ya chungwa, na anacheka. Chini yake kumeandikwa neno moja tu, Halloween. Bibi akionyeshwa simu anauliza kama mtoto anaumwa au amerogwa. Ni swali la haki, na leo tunalijibu.

Halloween ni jioni ya tarehe 31 Oktoba. Katika mitaa mingi ya Marekani na Kanada watoto huvaa nguo za maigizo. Wako wanaojifanya mizimu na mifupa, na wako wanaojifanya askari wa zimamoto, simba, malkia au mashujaa wa katuni. Giza likianza kuingia hupita nyumba kwa nyumba, wadogo wakiwa na wazazi wao. Hubonyeza kengele, na mlango ukifunguliwa husema kwa sauti moja "trick or treat", yaani tupe kitu kitamu, la sivyo tutakufanyia utundu. Mwenye nyumba huwapa pipi moja au mbili kila mmoja, husifu mavazi yao, nao hushukuru na kwenda nyumba ya pili. Tishio la utundu limebaki la mdomoni tu. Hiyo ndiyo hodi yao ya siku ile. Wasikilizaji wetu wa pwani na visiwani, ambako watoto hupita kwa majirani kudai mkono wa Idi, hawatashangaa sana.

Jina lenyewe limetokana na mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ambayo Wakatoliki huiadhimisha tarehe 1 Novemba, kabla ya siku ya kuwaombea marehemu, tarehe 2. Ireland na Scotland kipindi hicho kilikuwa pia mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi, na kulikuwa na sikukuu ya kale iliyoitwa Samhain. Watu waliamini kwamba usiku huo wafu huwa karibu na walio hai. Uingereza ya zamani, maskini walipita majumbani wakipewa mikate midogo, nao wakawaombea marehemu wa nyumba ile. Waayalandi waliokimbia njaa kubwa ya miaka ya 1840 walivuka bahari na desturi zao. Kwao taa za usiku huo zilichongwa kwenye mizizi minene inayofanana na figili. Marekani walikuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga, na ndiyo maana leo unaona boga lenye macho na meno kwenye kibaraza.

Pipi zilikuja baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 20 usiku huo ulikuwa wa fujo za vijana, wakivunja vioo na kung'oa mageti. Kugawa vitu vitamu kulienea miaka ya 1930, kukapungua wakati wa Vita Kuu ya Pili sukari ilipotolewa kwa mgao, kisha kukarudi kwa nguvu. Kwa ufupi, watu wazima walinunua amani kwa sukari.

Mgeni afanye nini?

Hapa ndipo jambo linapotugusa. Katika miaka kadhaa, ikiwemo 2016 na 2019, Wakongo walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote miongoni mwa wakimbizi waliopokelewa Marekani. Baadhi yao walitoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na wengi wana ndugu wanaotusikiliza. Kwa mtu aliyekimbia vita, mlango kugongwa gizani na watu waliofunika nyuso si mchezo. Asipoelezwa mapema, usiku ule atalala na hofu.

Cha kwanza kumweleza ni taa. Taa ya nje ikiwaka jioni ile, maana yake ni karibuni. Ikizimwa, watoto hupita bila kugonga. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kufungua, na jirani hatamhesabu kuwa mchoyo. Asiyependa azime taa, afunge mapazia, ale chakula chake. Anayetaka kuwapokea anunue pipi zilizofungwa kiwandani. Maandazi na kashata, hata ziwe tamu vipi, wazazi wa kule hawataziruhusu. Watoto wengi hupita kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, na baadhi ya miji hutangaza saa zake rasmi.

Taa hiyo hiyo ni muhimu zaidi kwa anayebisha. Mwaka 1992, mwanafunzi Mjapani wa miaka 16, Yoshihiro Hattori, alikuwa anakwenda kwenye sherehe ya Halloween mjini Baton Rouge, Louisiana. Alikosea nyumba. Mwenye nyumba alitoka na bunduki na kumwamuru asimame, lakini kijana hakuelewa amri ile, akaendelea kusogea, akapigwa risasi na kufa. Mahakama ya jinai haikumtia hatiani aliyempiga. Wazazi wake walikusanya saini zaidi ya milioni moja kudai silaha zidhibitiwe. Tunalisema hili si kumtisha mtu. Mtoto wa ndugu yako aende mtaa anaoufahamu, na wenzake, kwenye milango yenye taa tu.

Kuhusu pipi zenye sumu, habari hizo huzunguka kila mwaka. Joel Best, profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware, amefuatilia taarifa za tangu 1958 na hajapata mtoto hata mmoja aliyethibitika kuuawa na pipi ya mtu asiyemfahamu katika kupita huko nyumba kwa nyumba. Mtoto aliyekufa Texas mwaka 1974 aliwekewa sumu na baba yake mzazi. Gari ndilo la kuogopa. Utafiti uliochapishwa 2019, uliopitia ajali za miaka 42, ulionyesha kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kugongwa na kufa ilikuwa juu kwa asilimia 43 jioni ya Halloween kuliko jioni nyingine za karibu. Tochi na nguo nyeupe zinasaidia kuliko kukagua pipi moja moja.

Kuna wanaokataa kwa sababu ya imani, Wakristo na Waislamu, kwamba mizimu si kitu cha kuchezewa. Tunawaelewa. Baadhi ya makanisa hupanga magari uani na kugawa pipi kwenye buti, bila sura za kutisha, ili watoto wasijione wametengwa shuleni kesho yake.

Pipi zikiisha kabla ya saa 2, zima taa. Maboga ambayo hayakuuzwa mara nyingi hushushwa bei kuanzia tarehe 1 Novemba. Yanapikika, ingawa yale makubwa ya kuchonga yana maji mengi na utamu mdogo kuliko ya kwetu.