Je, Wajua? Bia ya Ndoo na Kopo la Kimea

Je, wajua kwamba Barack Obama aliwanunulia wapishi wa Ikulu ya Marekani seti ya kutengenezea bia nyumbani? Wapishi wakaongeza asali ya mizinga iliyokuwa kwenye bustani ya Ikulu hiyo, na Septemba 2012 maelekezo ya bia mbili yakatolewa hadharani. Ikulu ilisema kwamba, kwa kadiri ijuavyo, hiyo ndiyo pombe ya kwanza kutengenezwa katika viwanja vyake, ingawa George Washington alikuwa na maelekezo yake ya bia tangu 1757.

Mwaka 1977 kazi hiyo hiyo ingekuwa kosa. Marufuku ya pombe Marekani iliondolewa 1933, lakini ruhusa ya kujitengenezea nyumbani iliihusu divai tu, bia ikaachwa nje. Jimmy Carter ndiye aliyetia saini sheria ya kuiruhusu, Oktoba 1978: lita 378 hivi kwa mtu mzima kwa mwaka, mara mbili yake kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Alabama na Mississippi zilikubali 2013 tu, kwa hiyo aliyefuata maelekezo ya Ikulu katika majimbo hayo mwaka 2012 alikuwa akivunja sheria ya jimbo lake. Uingereza ilifuta leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963.

Sasa tufungue seti yenyewe. Ndani mna kopo la kilo 1.7 hivi, lenye uji mzito mweusi kama molasi. Humo kazi ngumu yote imeshamalizika. Wapishi wa mbege Kilimanjaro wanaijua kazi hiyo vizuri: huloweka ulezi, huuotesha, huuanika, huusaga, na wengine hutia gome la msesewa ili pombe ipate uchungu wake. Kiwandani shayiri hupitia njia hiyo hiyo, kisha kimea hulowekwa katika maji ya moto ili wanga ugeuke sukari, huchemshwa pamoja na maua ya hopsi, na mwisho hupunguzwa maji hadi kiwe kizito. Anayeanza huongeza maji na sukari, anapata lita 23 ndani ya ndoo, ananyunyiza hamira. Kwangu mimi, mbege inadai ustadi mkubwa kuliko kopo hili, na wanaoipika wanastahili heshima hiyo.

Hamira ndiyo mpishi wa kweli. Hula sukari, hutoa kileo na hewa ya kaboni. Seti nyingi hutaka nyuzijoto 18 hadi 22. Katika joto la 30, la Dar es Salaam au Mombasa, hamira hiyo huchacha kwa pupa na kuacha ladha kali inayounguza koo. Dawa rahisi ni kuiweka ndoo ndani ya beseni la maji na kuifunika kwa kitambaa chenye maji. Yanapokauka huondoka na joto.

Usafi ni nusu ya kazi, au zaidi. Sabuni peke yake haitoshi: kila kitakachogusa bia baada ya kupoa kinahitaji dawa ya kuua vijidudu, la sivyo bakteria wataigeuza kuwa siki.

Je, wajua kwamba chupa inaweza kulipuka? Mapovu yakikoma kwenye ndoo, usiamini kwamba mambo yamekwisha. Amini haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea na kupima uzito wa kimiminika. Bia ikianza na 1.040 na kutulia kwenye 1.010, ina kileo cha karibu asilimia 4. Kipimo kikibaki kilekile kwa siku mbili tatu, ndipo ujaze chupa, ukitia gramu 6 au 7 za sukari kwa kila lita ili bia itoe povu. Ukiwahi, sukari iliyobaki itaendelea kuzalisha hewa ndani ya kioo kilichofungwa, na vipande vyake hukata vibaya.

Chupa ziwe za rangi ya kahawia. Mwanga wa jua hubadilisha kile kinachotia uchungu katika hopsi kuwa kemikali ya salfa inayonuka kama kicheche, na katika kioo kisicho na rangi dakika chache za jua kali zinatosha.