KIFARU CHA PLASTIKI: KAZI YA MIKONO KWA LIKIZO

Likizo ya Juni inapoingia, baridi ya Uyole huwarudisha watoto jikoni mapema. Wakikaa bure hugombana, na sisi akina mama hatuna budi kuwatafutia shughuli. Mwezi huu tunapendekeza kazi ambayo huenda wengi wetu hatukuifikiria: kuunda na kupaka rangi kifaru cha plastiki, tena si cha jeshi lolote tulijualo, bali cha dunia ya kubuni ya miaka mingi ijayo.

Watoto wa Uyole si wageni wa kazi ya namna hii. Wanakaa kwenye njia panda: barabara moja yaelekea Tunduma na Zambia, nyingine inashuka Tukuyu na Kyela hadi Malawi. Magari makubwa wanayaona tangu wakiwa mgongoni mwa mama. Ndiyo maana kila mtaa una fundi wake mdogo wa magari ya waya, ya makopo na ya madumu, yenye magurudumu ya kandambili zilizochakaa.

Kifaru kilianzia wapi?

Ajabu ni kwamba kifaru kilikuwa hadithi kabla ya kuwa chuma. Mwaka 1903 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitunga hadithi ya mashine kubwa za chuma zinazovuka mahandaki ya adui. Miaka 13 baadaye, tarehe 15 Septemba 1916, Waingereza walizipeleka za kweli vitani huko Somme, Ufaransa. Ili kuficha siri waliziita matangi, watu wadhani ni za kuwekea maji. Sisi Waswahili tulipoziona, tukamkumbuka mnyama wa porini mwenye ngozi ngumu.

Siku hizi ziko nchi ambako vijana na watu wazima huunganisha vifaru vidogo vya plastiki na kuvipaka rangi kwa brashi nyembamba. Mwaka 1987 kampuni ya Games Workshop ya Uingereza ilitoa mchezo wa mezani uitwao Warhammer 40,000, wenye vita vya kubuni vya miaka elfu nyingi ijayo. Mwaka uliofuata ikatoa gari lake la plastiki la kuunganisha, na jina walilolipa ni Rhino, yaani kifaru!

Je, silaha iingie nyumbani?

Baadhi yetu tutauliza kama inafaa mtoto wa nyumba ya amani achezee chombo cha vita. Swali hilo ni la haki. Katika nchi yetu kifaru si hadithi. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, na majeshi yetu yakaingia Kampala Aprili 1979. Wapo akina mama waliowaaga waume na wana ambao hawakurudi.

Lakini kumnyang'anya mtoto hakumfundishi kitu. Akitoka nje ataokota kijiti na kukifanya bunduki. Heri tukae naye na kumwuliza, "Mwanangu, kifaru chako kinafanya kazi gani? Kimembeba nani?" Ile Rhino yenyewe kazi yake kubwa ni kubeba watu. Mtoto wetu anaweza kuamua kwamba chake kinavusha wajawazito kwenye utelezi wa masika, au kinapeleka maji mahali pakavu. Na kama nyumbani yuko babu aliyekwenda vitani, huu ndio wakati wa kumwomba asimulie. Mtoto atajifunza kwamba nyuma ya kila chuma kuna mtu. Wasichana nao wasiachwe nje. Kazi hii haichagui.

Vifaa na kuunda

Tafuteni dumu dogo lililokwisha kazi, kikombe cha mtindi, vifuniko vinane vya chupa, kalamu ya wino iliyokwisha, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, waya mwembamba na msasa. Osheni vyote kwa sabuni, kwa kuwa mafuta hufukuza rangi.

Dumu lililokatwa kwa urefu ndilo kiwiliwili. Kukata kwa kisu ni kazi ya mtu mzima. Mtoto achore mstari tu. Kikombe cha mtindi kilichofunikwa juu yake ndicho kichwa, na bomba la kalamu ndilo mzinga, au bomba la maji, kama mwenyewe atakavyoamua. Toboeni vifuniko katikati, pitisheni waya, viwe vinne kila upande. Kisha zungusheni ukanda wa mpira kuvizunguka, nao utakuwa mnyororo wa kutembelea.

Jambo moja lisisahauliwe: plastiki laini ya madumu haishikwi vizuri na gundi. Msitegemee gundi hapo. Toboeni na mfunge kwa waya, na ncha za waya zikunjwe ndani zisichome.

Kupaka rangi

Pigeni msasa kwanza mpaka ule mng'ao uishe, la sivyo rangi itabanduka kama ganda. Pakeni rangi nyembamba mara mbili badala ya nene mara moja, na kila mara subirini ikauke. Kwa baridi yetu ya Juni, acheni usiku mzima.

Rangi ya kwanza ikikauka, changanyeni nyeusi na maji mengi, mpitishe kwenye mikunjo ili ionekane kivuli. Kisha chovyeni brashi kwenye rangi nyeupe kidogo, mwifute kwenye kitambaa hadi ikaribie kukauka, na mguse kingo tu. Hapo kifaru kitaonekana kama chuma kilichotumika. Mwisho, chekecheni udongo wetu wa Uyole, ambao una majivu ya volkano, mchanganye na gundi ya unga na mpake chini ya magurudumu. Hilo ndilo tope lenyewe!

Risasi iliyofichika

Kifaru hiki hakifyatui risasi, lakini rangi yake yaweza kuwa nayo. Tunasema madini ya risasi, ambayo baadhi ya viwanda vimeyatia kwenye rangi za mafuta, hasa za manjano, nyekundu na ya machungwa. Yakiingia mwilini huharibu ubongo wa mtoto na kumpunguzia uwezo wa kujifunza, na mama mjamzito humwambukiza aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Kwa hiyo tutumie rangi za maji za shuleni, na tusome kopo kabla ya kununua. Mabaki ya rangi ya mlango yasiyo na maandishi yasiguswe. Msasa usipigwe kwenye mbao au bati lenye rangi ya zamani, kwa maana vumbi lake ndilo baya zaidi. Watoto wasilambe brashi kuinyoosha ncha, na wanawe mikono kabla ya kula.

Wadogo walio chini ya miaka mitatu wawekwe mbali na vifuniko, kwani huweza kuwakaba. Wengine wote wapewe nafasi mezani, pamoja na baba akirudi kazini. Akiulizwa na mwanawe rangi gani inafaa, huenda akasahau kutoka tena jioni hiyo.