Kiyoyozi kikinuka, anza na chujio

Baadhi ya wakazi wa Mombasa hutegemea viyoyozi wakati wa joto la Januari hadi Machi. Lakini kiyoyozi kisiposafishwa, huweza kuleta maradhi badala ya starehe.

Kikitoa harufu ya uvundo, huenda kuvu imeota kwenye unyevu ulio ndani yake. Kuvu na vumbi huweza kuchochea pumu na mafua ya mzio. Zima umeme kwenye swichi kuu, fungua kifuniko, toa chujio na ulioshe kwa maji na sabuni. Lianike kivulini hadi likauke kabisa. Fanya hivyo angalau mara moja kwa mwezi.

Maji yakidondoka ukutani, mara nyingi paipu ya kutolea maji imeziba. Hewa ikiwa hafifu au barafu ikiganda ndani, angalia chujio kwanza.

Je, chujio ni safi na chumba bado hakipoi? Mwite fundi, lakini kumbuka: gesi haiishi kwa kutumiwa. Ikipungua, inavuja. Fundi akiongeza gesi bila kuziba mahali panapovuja, utamlipa tena baada ya muda.