Taa ya Breki Haiwaki: Tafuta Umeme Umepotelea Wapi



Kikundi kimoja cha akina mama huku Nyamira kilichukua mkopo kikanunua pikipiki ya kubeba ndizi na mboga kupeleka soko la Keroka. Mwendeshaji alikuwa kijana wa mwanachama mmoja, na kila Jumamosi alileta hesabu bila kusukumwa. Jioni moja ya ukungu, akiwa anashuka mteremko, ng'ombe wakakata barabara. Alishika breki vizuri, akapunguza mwendo. Lakini yule wa pikipiki ya nyuma hakuona dalili yoyote kwamba mwenzake anasimama. Alimgonga. Kijana akavunjika mguu, pikipiki ikakaa miezi miwili bila kazi, na mkopo haukungoja mtu apone.

Nilipowatembelea niliuliza kama taa ya breki ilikuwa inawaka. Mwenyekiti akanijibu, "Mwalimu, hiyo iliharibika zamani. Fundi alisema waya zote zibadilishwe, elfu tatu na mia tano. Tukasema ingoje kidogo."

Mimi si fundi. Lakini nilikaa na fundi mzee mwenye subira akanionyesha, na nikaona kwamba kazi hii mtu yeyote wa kikundi anaweza kuifanya kwa mchana mmoja. Siri yake ni moja tu: usibadilishe kitu kabla hujajua umeme umepotelea wapi.

Umeme wa taa ya breki unatoka kwa betri, unapita kwa fyuzi, halafu kwa ufunguo. Kutoka hapo unagawanyika njia mbili. Njia moja inaenda kwa swichi ndogo iliyo kwa mkono wa breki, upande wa kulia. Nyingine inaenda kwa swichi ya chini karibu na mguu wa kulia, ile yenye springi iliyofungwa kwa pedeli. Ukishika breki yoyote kati ya hizo mbili, swichi yake inafungua njia. Baada ya swichi, waya zinaungana kuwa moja, inapita chini ya tangi na kiti mpaka kwa balbu ya nyuma. Kisha umeme unarudi kwa betri kupitia waya ya kurudi au chuma chenyewe cha pikipiki. Watu wengi husahau hiyo safari ya kurudi, na ndiyo iliyotusumbua sisi.

Anza hivi. Washa ufunguo bila kuwasha injini, halafu piga honi na uwashe indiketa. Zikilia na kuwaka sawasawa, betri si mkosaji. Vyote vikinyamaza, angalia fyuzi na betri kwanza. Msidanganyike na taa kubwa ya mbele, kwa sababu kwa pikipiki nyingi ndogo taa hiyo inapata umeme moja kwa moja kutoka kwa injini. Unaweza kumulika barabara yote na betri imekufa. Vijana wetu wengi wanapiga kiki na kwenda hivyo hivyo bila betri nzima. Hapo taa ya breki inawaka hafifu wakati injini iko polepole, na injini ikipigwa moto sana balbu inaweza kuungua.

Fyuzi ikiwa imekatika, weka nyingine ya namba ile ile. Tafadhali, si kipande cha waya wala karatasi ya sigara! Waya hizo zinapita chini ya tangi la petroli. Fyuzi mpya ikikatika tena, kuna waya iliyochubuka inagusa chuma mahali fulani.

Sasa shika breki ya mkono peke yake, kisha ya mguu peke yake. Moja ikiwasha na nyingine isiwashe, balbu ni nzima, na shida iko kwa ile swichi iliyokataa au waya zake. Chomoa waya mbili za swichi hiyo, uziguse pamoja ufunguo ukiwa umewashwa. Taa ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Lakini angalia zisiguse chuma cha pikipiki, utakata fyuzi. Swichi ya mguu huumia sana kwa matope yetu mekundu, na kabla ya kununua mpya isafishe, uangalie kama springi imeng'oka.

Pengine ni kurekebisha tu. Breki ya nyuma ikilika na kukazwa, pedeli inabadilika mahali pake, na swichi inachelewa kuwasha au inawasha kila wakati. Taa inayowaka bila kuzimika ni mbaya sawa na ile iliyokufa, maana wa nyuma hawezi kujua umesimama lini. Shika mwili wa swichi usizunguke, uzungushe nati yake kidogo kidogo mpaka taa iwake pale breki inapoanza kushika.

Breki zote mbili zikikataa na honi inalia, fungua kioo cha nyuma. Balbu ina nyuzi mbili ndani: imeandikwa 12V 21/5W, ile ya 21 ni ya breki na ya 5 ni ya usiku. Kwa hivyo taa ya usiku kuwaka si ushahidi kwamba ya breki ni nzima. Vile vipini viwili vya pembeni havilingani kimo. Usilazimishe balbu iingie kinyume.

Balbu ikiwa nzima, tengeneza kipimo: balbu ya indiketa ya volti 12 yenye waya mbili. Funga waya moja kwa upande wa kutoa wa betri, na nyingine uguse kwa kituo cha breki ndani ya taa, mtu akiwa ameshika breki. Kipimo kikiwaka, umeme unafika. Kinachokosekana ni njia ya kurudi. Kisipowaka, fuata waya kuelekea mbele, hasa pale chini ya kiti. Keria za kubebea mikungu na mitungi ya maziwa huwa zinachomelewa na kufungwa hapo, na chuma kinasaga waya polepole. (Ukipeleka keria kuchomelewa, mwambie fundi atoe betri kwanza.)

Kwa ile pikipiki ya akina mama, kipimo kiliwaka. Tulifuata waya ya kurudi tukakuta nati moja chini ya mudigadi imeliwa na kutu. Tuliisugua kwa msasa, tukaikaza, taa ikawaka. Hatukutumia hata shilingi mia moja. Mama mmoja alinyamaza muda mrefu akiiangalia ile taa.

Siku hizi, kabla ya hesabu ya Jumamosi, mtu mmoja anasimama nyuma ya pikipiki na kijana anashika breki, mkono kisha mguu. Katibu anaandika. Kipimo kinakaa ndani ya sanduku la mweka hazina, pamoja na balbu moja ya akiba na fyuzi mbili.